Majibu ya figo ya kaka yana namba mbili, moja ya "mweusi". Hii kweli ilikuwepo Marekani?

BintiMkubwa_Houston
Wakuu habari zenu, shikamoo kwa wakubwa. Naombeni msaada hasa nyie mnaofanya kazi mahospitalini huku Marekani maana nimechanganyikiwa.

Kaka yangu mkubwa yuko dayalisisi (ile mashine ya kusafisha damu) tangu 2021, jumatatu jumatano ijumaa, na yuko kwenye listi ya kusubiri figo. Juzi nilikuwa napanga makaratasi yake ya bima nikakuta majibu ya damu ya 2018 toka kliniki aliyokuwa anatibiwa zamani. Sasa kwenye ile sehemu ya eGFR kuna namba mbili. Mstari wa juu wameandika asiye Mmarekani mweusi 18, wa chini yake Mmarekani mweusi 21. Damu ileile, sindano moja, siku moja! Daktari wake wa wakati ule kazungushia ile 21 kwa kalamu, na kaka anakumbuka aliambiwa bado bado, tutapima tena baadae. Hakupelekwa senta ya kupandikiza mpaka miguu ilipovimba, pumzi zikawa shida, ndo akaishia kwenye mashine.

Alafu kwenye bahasha nyingine kuna barua ya 2023 toka senta ya kupandikiza, inaongelea muda wa kusubiri kurekebishwa kwa wagonjwa weusi. Kaka hakuielewa akaiweka na mabili.

Ivi ni kweli walikuwa wanaongeza namba kwa vile mtu ni mweusi? Na sisi ni watu wa Tanga jamani, Umarekani mweusi wa kaka umetokea wapi? Na iyo barua bado ina kazi au imeshapitwa?

NesiWaUsiku
Dada pole sana na umfikishie kaka pole zangu. Mimi nipo kitengo cha dayalisisi miaka mingi kidogo, hizo karatasi za mistari miwili nimezishika sana.

Ni kweli kabisa ilikuwepo, na wala haikuwa siri, ilikuwa imeandikwa kwenye fomula yenyewe. Iko hivi. Figo haipimwi moja kwa moja, wanapima kriatinini kwenye damu, hiyo ni taka inayotoka kwenye misuli na figo nzima inatakiwa iitoe. Ikijaa kwenye damu maana yake figo inachoka. Alafu kompyuta ya maabara inachukua iyo kriatinini, umri na jinsia inakadiria figo inachuja kiasi gani, ndo eGFR. Fomula ya 1999 ilikuwa na kipengele kingine, kama mgonjwa ni mweusi zidisha kwa 1.212. Ya 2009 ikashusha ikawa 1.159. Chukua ile 18 ya kaka zidisha kwa 1.159, inakuja 20.9, wanaandika 21. Hakuna kingine kilichobadilika hapo, ni rangi tu.

Sasa utaona 18 na 21 si tofauti kubwa lakini kwenye figo ni mbingu na ardhi. Huku mtu mzima anaanza kuhesabiwa muda wa kusubiri figo eGFR ikifika 20 kushuka chini, au akianza dayalisisi. Kwahiyo angekuwa mzungu mwenye kriatinini ileile, umri uleule, angeweza kusajiliwa kwenye listi na saa yake ikaanza kugonga 2018. Ya kaka imeanza 2021 alipoingia mashine. Na kwenye listi muda una uzito mkubwa sana, pamoja na mengine kama kundi la damu.

Septemba 2021 wataalamu wa figo wa Marekani wakakubaliana fomula mpya isiyo na rangi. 2022 mtandao wa taifa wa upandikizaji (OPTN) ukapiga marufuku ile ya zamani kwa wanaoingia kwenye listi, na kuanzia Januari 2023 kila senta ikapewa mwaka mmoja ipitie wagonjwa wake wote weusi, iwaandikie barua, na anayestahili arudishiwe muda wake. Iyo ndo barua mliyoweka na mabili. Mpaka Machi 2024 watu zaidi ya 14,000 walikuwa wamesogezewa tarehe, kwa wastani wa miaka miwili hivi.

Barua haijapitwa. Kwa ninavyoona senta ilipitia faili lake ikakosa vipimo vya zamani maana vilikuwa kliniki nyingine. Sasa unavyo mkononi. Mpigie kodineta (mratibu) wa upandikizaji (sio mapokezi, wao watakuzungusha), mwambie una majibu ya 2018 na unaomba muda wa kusubiri urekebishwe kwa sababu ya eGFR yenye rangi. Usitoe karatasi halisi, peleka kopi.

Hoja_Kwanza
Mi ntaongea tofauti kidogo msinipige mawe. Waliotengeneza ile fomula hawakukaa chini wakasema tuwanyonge weusi. Walipima watu, wakakuta kwa wastani kriatinini ya wale weusi waliokuwa kwenye utafiti iko juu kidogo hata figo zikiwa zinafanya kazi sawa, wakarekebisha hesabu. Na kuitoa nako kuna hasara, mtu mweusi mwenye figo nzima sasa anaweza kusomeka figo yake mbovu kuliko ilivyo, akapunguziwa dozi ya dawa ya kansa, akasimamishwa metformin ya sukari, au akakataliwa kumchangia ndugu yake figo. Hayo hamyasemi.

Kingine, tatizo la huku kubwa ni pesa na bima. Mzungu maskini wa milimani naye anakufa kizembe. Tusifanye kila kitu ubaguzi.

mjukuu_wa_Bibi
@Hoja_Kwanza unatetea watu waliowadunga babu zetu weusi kaswende kule Tuskegee kwa miaka 40 wakiwaangalia wanavyokufa? hawa watu hawana wema na sisi, mi hata chanjo sichomi

Kitabu_Wazi
@mjukuu_wa_Bibi tusiharibu kesi nzuri kwa ushahidi mbovu. Tuskegee hawakudunga mtu kaswende. Serikali, yaani idara ya afya ya umma ya Marekani, ilichukua wanaume weusi kama 600 wa Macon County, Alabama mwaka 1932, wengi wakulima wa kukodi mashamba. 399 walikuwa tayari na kaswende na 201 hawakuwa nayo. Wenye ugonjwa wakaambiwa wana damu mbaya na wanatibiwa, huku hawatibiwi. Wakapewa chakula siku za vipimo, usafiri wa kwenda kliniki na ahadi ya gharama za mazishi, ili wakifa mwili upasuliwe. Penisilini ikaja, kufikia mwisho wa miaka ya 40 ilikuwa ndo dawa ya kawaida ya kaswende, wao wakanyimwa. Ikaendelea hadi 1972 mtu aliyewahi kufanya kazi idara hiyohiyo, Peter Buxtun, alipowapa waandishi wa habari. Rais Clinton akaomba radhi 1997.

Waliodungwa magonjwa na madaktari wa Marekani ni watu wa Guatemala, 1946 hadi 1948, wafungwa, wanajeshi na wagonjwa wa akili. Watu wanachanganya hizi mbili na ukichanganya mbele ya mtu anayejua anakucheka, hoja yako nzima inaenda na maji. Na sindano ya chanjo usiihusishe kabisa, dhambi ya Tuskegee ni kuwanyima watu dawa iliyokuwepo, sasa wewe unajinyima mwenyewe.

MamaPacha_MN
Hoja_Kwanza iyo ya dozi za dawa na kuchangia figo nakupa, ni kweli, na fomula mpya kwa mtu mweusi inatoa namba ya katikati kati ya zile mbili, sio kwamba wamefuta tu wakaacha ile ya chini. Lakini tuulizane, nani alimpima kaka wa huyu dada misuli? Maelezo yaliyokuwa yanatolewa ni kwamba weusi wana misuli mingi. Mtu mwembamba kama ufito anazidishiwa, mzungu anayebeba vyuma kila siku hazidishiwi. Kwenye fomu mtu wa mapokezi anatia tiki kwa kukuangalia usoni, imeisha hiyo. Mtoto wa baba mweusi na mama mzungu je, azidishiwe nusu? Mpemba, Msomali, Mnigeria na Mmarekani ambaye mababu zake walivushwa bahari miaka 300 iliyopita wote sanduku moja. Tena kama ni kuongelea damu kweli, kuna jeni inaitwa APOL1, aina zake zinazoharibu figo zinapatikana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika Magharibi, zinahusishwa na kinga ya malale. Hicho kinapimika. Rangi haikuambii nani anayo.

Na kilichonichoma mimi ni upande kosa lilikoangukia. Weusi ni kama 13 kati ya 100 ya watu wa Marekani lakini kwenye wenye figo zilizokufa wanafika karibu theluthi. Yaani kundi linaloumia figo kuliko wote ndo likapewa hesabu inayosema figo zenu nzima, rudini nyumbani. Miaka zaidi ya ishirini. Hata kama hakukuwa na nia mbaya, mgonjwa nia yako haimsafishi damu.

Kuhusu pesa: Serena Williams ana pesa kuliko hospitali nyingine. 2017 baada ya kujifungua kwa upasuaji akahisi pumzi zinakata, na yeye alishawahi kupata damu kuganda mapafuni kwahiyo anajijua, akamwambia nesi nataka CT (picha ya ndani ya mwili) na dawa ya kuzuia damu isigande. Akaonekana kama anaweweseka kwa dawa za maumivu, wakaanza kumpima miguu kwanza. Mwishowe ile CT ikaonyesha mabonge mapafuni kama alivyosema. Yule alikuwa na sauti na jina. Takwimu za CDC (kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti magonjwa) za 2023, kina mama weusi waliokufa kwa uzazi ni 50.3 kwa kila vizazi hai 100,000, wazungu 14.5. Umaskini upo na unaua, sikatai, lakini pengo hili linawafuata mpaka wenye digrii zao.

Dulla_CNA
Naongezea moja ya kazini kwangu. Mi nalea wazee kwenye nyumba ya wazee. Kile kibanio cha kidoleni cha kupima oksijeni kinapitisha mwanga kwenye ngozi kinasoma rangi ya damu, na ngozi yenye melanini nyingi inakichanganya. Desemba 2020 watafiti wa Michigan walitoa kwenye New England Journal of Medicine, walilinganisha kibanio na damu yenyewe iliyochotwa kwenye ateri. Kibanio kikisema 92 mpaka 96, yaani uko salama, kwa weusi karibu vipimo 12 kwenye kila 100 damu halisi ilikuwa chini ya 88. Kwa wazungu kama 4. Hapo ni wakati wa korona ambapo watu wanaambiwa ukishuka 90 ndo uje!! FDA, mamlaka ya Marekani ya dawa na vifaa vya tiba, ikatoa tahadhari Februari 2021.

Mi nina mzee mmoja mweusi wa Mississippi hapa, kibanio kikisoma 94 na yeye anainua mabega kuvuta pumzi, pua zinapanuka na hawezi kumaliza sentensi, siangalii tena kibanio, naita nesi. Nesi wa kwanza alinijibu mbona 94 ni nzuri, nikamwambia njoo umuone kwanza. Wazee wenyewe hawalalamiki, wamezoea kutosikilizwa, ndo mana nawaangalia mabega.

Hoja_Kwanza
MamaPacha hapo kwa upande kosa lilikoangukia sina la kujibu. Nabaki kwenye kimoja, mnamwambia huyu dada kama vile daktari wa 2018 alikuwa mchawi. Yule alisoma namba aliyoletewa na maabara.

MamaPacha_MN
Aliletewa namba mbili kaka yangu. Alichagua ya kuzungushia.

BintiMkubwa_Houston
Jamani asanteni sana, nimesoma zote na kaka nimemsomea kwa simu akiwa kwenye mashine, akacheka kwa hiyo ya ufito maana ndo alivyo. Mjukuu_wa_Bibi kachanje mdogo wangu.

Nimempata kodineta leo. Kwanza akasema faili lilishapitiwa na halikuwa na kitu. Nikamwambia mi nina karatasi ya 2018 yenye mistari miwili, akanyamaza kidogo akasema nimtumie, daktari wa senta aione alafu wao ndo wanapeleka maombi OPTN. Kasema pia kama kuna vipimo vingine vya kati ya 2018 na 2021 vinasaidia, kwahiyo kesho naenda ile kliniki ya zamani kuomba faili zima.

Swali la mwisho NesiWaUsiku: tunafikiria kumhamishia senta ya mji mwingine alipo mdogo wetu ili apate wa kumuuguza. Tukihama hatupotezi tena huo muda?

NesiWaUsiku
Hampotezi, muda wa kusubiri unahamishika senta kwa senta, ila usikubali afutwe kwenye listi ya kwanza kabla ile mpya haijamsajili na kukupa uthibitisho kwa maandishi. Na kwa mpangilio wenu ningesubiri hii ya marekebisho ikamilike kwanza hapohapo alipo, ukishaona tarehe mpya kwenye barua ndo uhame nayo. Ukienda kliniki uliza kitengo cha kumbukumbu za wagonjwa, kaka asaini fomu ya kukuruhusu uchukue, bila sahihi yake hawakupi kitu. Na waambie waziwazi unataka majibu ya maabara yenyewe, wakikupa muhtasari wa daktari moja ya zile namba mbili inaweza kuwa imeshaondolewa.