MR2 ya 1986 hapa Mbeya: AC niitoe yote au niiache?

Mwana_Isyesye
Wakuu habari za jioni, nina swali naomba msinicheke. Nina Toyota MR2 ya 1986, ile ya kwanza kabisa ya pembe pembe, namba ya bodi AW11, injini iko nyuma ya siti na taa zinafumbuka. Ilikuwa ya baba mdogo, amekaa nayo Dar miaka mingi, mwaka jana akanipigia akasema mwanangu njoo uichukue kabla chumvi ya bahari haijaimaliza. Nikaipandisha juu ya fuso maana sikuiamini kupanda Kitonga yenyewe.

Sasa gari inatembea, ila AC haijawahi kufanya kazi toka niipokee, gesi hamna kabisa, halafu kompresa ina mlio grrrr hata kama AC sijaiwasha. Nikipanda Mlima Nyoka naona gari haina pumzi niliyokuwa naiota, na mshale wa joto unavuka nusu. Fundi wangu anasema toa kila kitu, kompresa, kondensa (ile rejeta ya gesi), mapaipu, mpaka lile boksi la ndani ya dashibodi, gari itakuwa nyepesi itaondoka kama risasi, na hapa Mbeya nani ana shida na AC wakati mwezi wa saba tunalala na mablanketi mawili. Kusema ukweli kanishawishi. Tatizo nilipomwambia baba mdogo akanyamaza kwenye simu mpaka nikadhani salio limekata.

Nitoe nisitoe? Gari ni ya starehe tu, wikiendi, mara moja moja Tukuyu mpaka Matema.

Supana14
Toa hiyo takataka mzee. AC Mbeya ya kazi gani, shusha kioo upate hewa ya Mlima Loleza bure. Gari ya michezo haitaki mizigo.

Gereji_Kabwe
Mwana Isyesye usiguse kitu kwanza, tulia. Umeleta magonjwa matatu na fundi wako kakupa dawa moja, tena ya kukata mguu.

Hiyo pumzi unayoitafuta haijaliwa na AC, imeliwa na mlima. Mbeya mjini uko kama mita 1700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kila ukipanda mita 1000. Hiyo injini yako ya 4A-GE ya cc 1587 hata ingekuwa imetoka kiwandani jana na nguvu farasi zake 120, hapa Soweto ya Mbeya ungebaki na kama 100 hivi. Ukienda njia ya Chunya kule juu Kawetere zinapungua zaidi. Baba yako mdogo alikuwa anaendesha gari ile ile pale Dar usawa wa bahari ndiyo maana alikusimulia habari za risasi. Injini imechoka au haijachoka, fundi apime kwanza kompresheni, aangalie plagi na taimingi, huko ndiko nguvu iliko.

Kompresa AC ikiwa imezimwa haili nguvu yoyote ya kutaja. Kinachozunguka ni puli tu, klachi yake ya sumaku haijashika, ndani kumetulia. Sasa wewe unasikia grrrr AC ikiwa imezimwa, hiyo ni beringi ya puli, si kompresa yenyewe. Beringi! Kitu unachotoa unaingiza kingine maisha yanaendelea. Cha kufanya kesho asubuhi: angalia mkanda wa AC unapita wapi. Kama uko peke yake haugusi oltaneta wala pampu ya maji, ulegeze uuvue, uweke kwenye buti, endesha wiki mbili. Hapo utakuwa umeshapata faida yote ya kutoa AC ukiondoa uzito, na hujafungua paipu hata moja. Kama mlio umekata na gari bado haina pumzi basi utajua ulikuwa unamsingizia nani.

Uzito nao tusidanganyane. Mimi nilishawahi kutoa AC kamili kwenye Celica ya zamani, nikaiweka yote kwenye mzani wa viazi wa jirani, ikasoma kilo 22. Ndoo moja ya viazi na kidogo, tena ile isiyojazwa lumbesa. Gari yako ina kama tani moja. Acha tairi la spea na jeki nyumbani unapata matokeo yale yale bila kumwaga machozi ya mtu Dar.

Halafu hilo la joto ndilo lingeninyima usingizi mimi. AW11 rejeta iko mbele, injini nyuma, maji yanasafiri kwenye mapaipu marefu chini ya gari kwenda na kurudi, na hewa ikikaa humo ndani haitoki kirahisi. Mtu akibadilisha maji kienyeji kama anavyofanya kwenye Corolla, lazima mshale upande. Toa hewa vizuri, mbele kwenye rejeta na kwenye njia ya hita, huku hita umeifungua mpaka mwisho. Na nunua kifuniko kipya cha rejeta, kwa kimo chetu hiki maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi kama 94, presha ya kifuniko ndiyo inayoyazuia, kikilegea yanachemka mapema. Ni kweli kondensa ikitoka mbele ya rejeta hewa inapita vizuri kidogo, ila hiyo si tiba, unaficha ugonjwa tu.

Supana14
Umeandika gazeti mkuu 😂 lakini bado hajaambiwa AC itamsaidia nini. Baridi ipo ya Mungu.

Mama_Isongole
Niruhusuni nichangie mimi ambaye nilishakatwa huo mguu.

Gari yangu Celica ya 1983, aliniachia marehemu mume wangu. Fundi mmoja, jina namhifadhi, alinishauri hivyo hivyo, mama hapa Isongole kuna baridi ya kutosha tukutolee haya machuma. Akatoa mpaka boksi la ndani, lile la evapureta, kile kipande cha AC kinachopoza hewa. Sikuelewa, nikalipa, nikaondoka. Wiki haijaisha nikaja kugundua hita haipulizi. Kumbe kwenye haya magari ya Toyota ya zamani lile boksi linakaa katikati, upande huu feni, upande huu hita, hewa lazima ipite humo. Yeye alilitoa akaacha pengo, feni inapuliza miguu ya abiria wa kushoto na kioo kinabaki bila kitu.

Sasa njooni mwezi wa tatu mvua za Rungwe, mnazijua wenyewe. Natoka Uyole na wanangu wawili nyuma, tumevuka tu Uporoto mvua ikashuka na ukungu juu yake, pumzi zetu watu watatu, kioo kikawa cheupe kama maziwa. Nashusha dirisha mvua inaingia, napandisha sioni. Nilishuka mpaka Kiwira mkono mmoja usukani mkono mwingine kanga nafuta kioo, na malori ya Malawi yanakuja mbele. Nilipofika nilikaa ndani ya gari dakika kumi sijashuka.

Kwa hiyo kijana wangu, AC ya huku kwetu si ya ubaridi. Ni ya kukausha kioo. Ukiwasha AC na hita kwa pamoja ndiyo raha yake, watu wanashangaa unawashaje vyote viwili. Ile evapureta ya baridi inakamata maji ya kwenye hewa, unayaona yanadondoka chini ya gari, hewa inayobaki ni kavu, inapita kwenye hita inapata joto, inapigwa kwenye kioo, sekunde chache unaona mpaka migomba ya mbali. Mwaka huo huo mwanangu mkubwa alichonga dumu la lita 20 akaziba lile pengo, hita ikarudi, lakini kukausha ndiyo basi tena, na vyuma vyangu fundi alishaviuza chakavu.

Supana14
Mama shikamoo. Hapo kwenye kanga nimenyamaza. Ila kuna ile ya kupaka kiazi kibichi kwenye kioo, ukungu haushiki, na Isongole viazi si ndiyo kwao?

Mama_Isongole
Marahaba. Kiazi nimepaka sana baba. Kinafaa mvua ya nusu saa, ya Tukuyu haiishi nusu saa.

Joto_la_Kyela
Mi nipo Kyela huku chini, mita 500 hivi kutoka usawa wa bahari, ukija mwezi wa kumi na moja na hicho kigari injini inakuchoma mgongo utaikumbuka AC yako. Supana14 huyo ni wa Mbeya mjini tu hajawahi kushuka.

Kuhusu gesi sikiliza. Gari ya 1986 imetoka na R12, hiyo gesi mambo yake yaliisha na ule mkataba wa Montreal wa 1987 wa kulinda ozoni, usihangaike kuitafuta. Unaihamisha kwenda gesi iliyokuja baadaye, R134a. Kuhamisha maana yake siyo kujaza tu, mafuta ya zamani ya kompresa hayachanganyiki na R134a, yanatolewa yanawekwa yanayoendana, oringi zote (vipete vya mpira vya maungio) mpya, ile chupa ya kukaushia unyevu wa kwenye gesi mpya, inanyonywa vakyumu ya kutosha, halafu unajaza pungufu kidogo ya kipimo cha zamani, kama asilimia 80 mpaka 90. Ubaridi utapungua kidogo kuliko R12, kwa Mbeya hutajua tofauti.

Na kuna mafundi wanajaza gesi ya kupikia. Usikubali. Kwenye yako evapureta iko ndani ya dashibodi, ikivuja inavujia mapajani kwako na injini iko mgongoni kwako. Inapoza vizuri kweli, jiko nalo linapika vizuri.

Gereji_Kabwe
@Joto_la_Kyela umemaliza. Niongeze moja, kama mtu lazima atoe, basi atoe kompresa na mapaipu ya injini tu, aache boksi la ndani lilivyo, na kila mdomo wa paipu auzibe siku hiyo hiyo asiache wazi, unyevu ukiingia umeua mfumo. Kila boliti kwenye kifuko chake na jina juu. Hizo gari hazitengenezwi toka 1989 na kompresa yenye mabano yake haiokotwi sokoni Mwanjelwa.

Mwana_Isyesye
Wakuu nimerudi baada ya siku kumi na mbili. Mkanda uko peke yake, nimeuvua. Mlio umekata papo hapo, yaani kimya, nikasikia na sailensa inavyovuja. Pumzi ya Mlima Nyoka ni ile ile, sijaona hata nukta ya tofauti 😅 Hewa kwenye maji tumetoa, ilibubujika karibu saa nzima, mshale sasa hauvuki nusu.

Jumamosi nikaenda Tukuyu makusudi mvua ikinyesha, nikiwa na mchumba. Mama Isongole, kioo kilikuwa cheupe kabla hata ya Isongole. Tukapaki pale sokoni, tukanunua viazi, nikakata kimoja nikapaka, watu wakatuangalia kama tunaloga gari. Kilitufikisha Kiwira. Na nimegundua kingine, yangu ni ile ya vioo viwili vya kwenye paa vinavyotoka, mpira umekauka, maji yanaingia kapeti limelowa chini ya mkeka, ndiyo maana ukungu umezidi.

Kwa hiyo AC sitoi. Nimempigia baba mdogo nikamwambia, akacheka akasema chupa ya kukaushia mpya anayo kwenye boksi toka zamani, hakuwahi kuifungua, ataituma na basi. Kilichobaki beringi ya puli na mipira ya juu. Ndaga fijo (asanteni sana) wote.

Joto_la_Kyela
Hiyo chupa ikifika hakikisha vizibo vyake havijawahi kufunguka, kama kimoja kimelegea ishavuta unyevu huko Dar miaka yote hiyo, nunua nyingine.

Supana14
Beringi usitaje jina la gari dukani watakuambia hawana. Ing'oe, nenda nayo mkononi, wasome namba ya ubavuni. Na bei ya kwanza watakayokutajia kata nusu.