Trier: wapi naweza kunyonga baiskeli ya mbio bila kukutana na magari?

MgeniWaMosel:
Wakuu, habari zenu. Nimehamia Trier, huku Ujerumani, kwa masomo na nimepata baiskeli ya mbio iliyotumika, bado nzima kabisa. Tairi ni nyembamba, milimita 25, kwa hiyo changarawe siitaki. Nilijaribu barabara kuu ya kando ya mto kuelekea Schweich, malori yananipita mpaka usukani unatikisika. Kwa wanaoujua mji huu: kuna njia ya lami ya kilomita 60 au 80 isiyo na magari? Kilima hakinisumbui.

ZamuYaUsiku:
Karibu, mdogo wangu. Mimi nafanya kazi usiku, hivyo nanyonga asubuhi za siku za kazi, na huo ndio ushauri wangu wa kwanza kabla ya ramani yoyote. Watu watakuambia ufuate mto Mosel, basi. Ni kweli njia ipo na ni tambarare, lakini Jumapili mchana wa kiangazi imejaa wazee wenye baiskeli za umeme, watoto wanaojifunza na mbwa wenye kamba ndefu. Hakuna magari, sawa, ila ukipita hapo kwa mwendo wa mbio wewe ndiye unakuwa lori.

Uzuri wa Trier ni mito midogo. Saar inaingia Mosel pale Konz, Sauer inaingia Wasserbillig, Kyll inaingia Ehrang, na Ruwer inaingia kwenye kitongoji chenye jina hilohilo. Kila bonde lina njia yake ya baiskeli.

Kwa tairi zako ningeanza na Ruwer. Zamani ilikuwa reli ya kwenda Hermeskeil. Mataruma yameng'olewa, ikamwagwa lami, kilomita 48 hivi kwenda tu. Kwa kuwa treni haziwezi kupanda mlima mkali, mwinuko ni wa kistaarabu: unapanda kidogo kidogo kupita Kasel na Waldrach, mashamba ya mizabibu yanaisha, unaingia msituni, na bila kushtuka umeshapanda zaidi ya mita mia tatu. Hutahitaji kusimama kwenye pedali hata mara moja. Kazi iko kwenye kurudi. Mteremko ni mrefu na lami inakushawishi uachie breki, lakini njia inakatiza barabara za vijiji sehemu kadhaa, na hapo mwenye kupisha mara nyingi ni wewe. Vuli majani yakilowa, punguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake.

Siku ukiwa na muda nenda Luxembourg. Pita ukingo wa kushoto wa Mosel (kushoto ukitazama maji yanakoelekea), upite Igel penye mnara wa kaburi wa Warumi (tupia jicho, hauko mbali), uvuke Sauer uingie Wasserbillig, halafu upande na Sauer hadi Echternach. Hapo shika njia ya baiskeli namba PC2. Nayo ni reli ya zamani, ina handaki pale Bech, na inakufikisha Jiji la Luxembourg. Sehemu kubwa ni lami. Halafu jioni unapanda treni kurudi Wasserbillig bila kulipa: tangu 2020 usafiri wa umma nchini humo ni bure daraja la pili, na baiskeli hailipiwi.

Saar nayo ni nzuri, Konz hadi Saarburg unakaa kando ya maji muda mwingi. Kyll achana nayo mpaka ununue tairi pana, kuna vipande vya msituni visivyo na lami.

BrekiMbili:
Dada ZamuYaUsiku umeionea Mosel. Akishapita Schweich kuelekea chini, watu wanapungua sana, na siku za kawaida anaweza kufika Bernkastel-Kues kwa raha. Pale kuna Maare-Mosel, reli nyingine iliyogeuzwa njia, inayotoka Daun. Msimu wa kiangazi kuna basi lenye tela la baiskeli: linakupandisha Daun, unashuka mwenyewe hadi mtoni. Wikendi weka nafasi mapema.

Ila Mosel wakati wa baridi sitetei. Mto ukifura, njia inazama, na maji yakishuka yanaacha tope linaloteleza kama bamia.

MgeniWaMosel:
Asanteni sana. Swali dogo: kwenye mizabibu naona vijia vya lami safi kabisa, lakini mwanzoni kuna kibao cheupe chenye duara jekundu, ndani pikipiki juu ya gari. Baiskeli inaruhusiwa? Na kwenye treni za upande wa Ujerumani nalipia baiskeli?

ZamuYaUsiku:
Kibao hicho ndicho cha kukitafuta! Kinazuia pikipiki na magari tu, baiskeli inapita. Chini yake mara nyingi kuna kibao kingine cha kuruhusu matrekta, kwa hiyo Septemba na Oktoba, wakati wa kuvuna zabibu, tegemea trekta kwenye kila kona na udongo juu ya lami. Duara jekundu ambalo ndani ni tupu ni jambo jingine: hilo linazuia hata baiskeli, isipokuwa kibao cha chini kiwataje waendesha baiskeli. Na la bluu lenye baiskeli maana yake lazima utumie njia hiyo, hata kama barabara ya pembeni ina lami nzuri zaidi.

Treni za mkoa, baiskeli ni bure siku za kazi kuanzia saa tatu asubuhi, wikendi siku nzima. Tiketi yako mwenyewe unalipia kama kawaida. Ikijaa, baiskeli ndiyo inabaki, kwa hiyo usitegemee treni ya mwisho.