ATV ya mkanda au ya gia kwa kuvuta trela kwenye tope na mteremko?

Tambarare: Wakuu, natafuta ATV (pikipiki ya magurudumu manne) ya kazi. Trela na mzigo ni kama kilo 250, njia ina tope, mwisho kuna mteremko mrefu wa mawe. Naambiwa otomatiki huunguza mkanda, na ya gia huchosha. Nichukue ipi, na kwa kila moja nini huanza kuharibika?

Fundi_Puli: Mkuu, aina kuu ni tatu. Ipo otomatiki ya mkanda (CVT), puli mbili na mkanda wa mpira. Ipo ya kukanyaga gia bila mkono wa klachi, kama Honda Rancher ya gia za mguu. Ya tatu ina mkono wa klachi, kama Yamaha Raptor 700R. Hiyo ni ya mbio, iache: ukitambaa na mzigo utaibana klachi nusunusu njia nzima, na pleti zitaungua.

Mkanda mara nyingi huunguzwa na dereva anayevuta mzigo akiwa kwenye H (gia ya mwendo wa kasi). Mwendo ukiwa mdogo, puli ya mbele haijaubana mkanda vya kutosha, hivyo unateleza na kupata joto. Ukitambaa na trela weka L (gia ya polepole yenye nguvu), na badilisha ukiwa umesimama kabisa. Ukizama, usikandamize mafuta. Magurudumu yamekwama, mkanda umesimama, puli inazunguka: sehemu moja inaliwa mpaka inakuwa kama kiuno cha nyigu. Tangu hapo ATV itadunda kila ukiondoka, na dawa ni mkanda mpya tu.

Mzee wa Oili: Niongeze habari ya maji. Yakiingia kwenye kava la mkanda, injini italia lakini huendi. Simama, fungua kizibo cha chini ya kava, yatoke, weka nyutro, piga resi kidogo kidogo mpaka mkanda ukauke, kisha rudisha kizibo. Ukifunga mkanda mpya, futa nyuso za puli kwa spiriti, usiguse kwa mikono yenye grisi, fuata mshale wa mzunguko, na kilomita 50 za mwanzo usivute mzigo.

Ya gia za mguu haina shida hiyo, klachi yake imo ndani ya oili. Ila oili iwe ya pikipiki, yenye alama ya JASO MA. Oili nyingi za gari zina viungo vya kupunguza msuguano, na klachi huanza kuteleza. Pia achia mafuta kabla ya kukanyaga gia. Ukiongeza mafuta huku umeshikilia pedali kisha ukaiachia, itaruka mbele.

Tambarare: Nashukuru. Na mteremko?

Fundi_Puli: Hapo ndipo pa kuamulia. Ya gia, ukishuka na namba 1 injini inakushikilia. Za mkanda hazifanani: zisizo na breki ya injini (injini kushikilia mwendo), mizunguko ya injini ikipungua mkanda huachia, trela linakusukuma, na breki zinapata moto. Zenye mfumo huo, kama Ultramatic ya Yamaha, hushikilia. Ijaribu kabla ya kununua: shuka kilima ukiwa L, achia mafuta, usiguse breki. Ikizidi kukimbia, iache.

Mzee wa Oili: Kwa mzigo wako mimi ningechukua ya gia. Ya mkanda ichukue ikiwa itaendeshwa na watu wengi wasiozoea gia, na mkanda wa akiba ukae chini ya siti.