Pipa la mvua la bustani: mawili ya lita 200 au tangi moja la lita 1000?

Jani Bichi
Wakuu, heshima zenu. Nataka kuanza kukinga maji ya mvua kwa ajili ya bustani, na lazima niamue kabla ya Jumamosi maana muuzaji hataki kunishikia mzigo zaidi ya hapo. Nimebaki na vitu viwili: mapipa mawili ya plastiki ya bluu, lita 200 kila moja, au lile tangi jeupe la lita 1000 linalokaa ndani ya kizimba cha chuma. Vyote vimeshatumika, na bei hazipishani sana. Nichukue lipi?

Fundi Mzee
Hapo hatuwezi kukujibu, kijana. Paa linakinga mita ngapi za mraba? Gata za kukusanya maji ukingoni mwa paa zipo? Ndani ya hivyo vyombo kulikuwa na nini? Na bustani iko wapi ukilinganisha na pipa litakapokaa?

Sina Haraka
Chukua tangi, acha maswali mengi. Pipa la lita 200 ni keni ishirini za lita kumi, basi. Jua likiwaka wiki moja umesharudi bombani.

Msumari Mbili
Mapipa. Tangi jeupe linapitisha mwanga, maji yatageuka kijani na koki itaziba kwa mwani. Ukilitaka lazima ulipake rangi nyeusi au ulivishe turubai.

Sina Haraka
Kopo moja la rangi nalo limekuwa sababu?

Jani Bichi
Samahani wakuu, nilikuwa kazini. Paa ni kama mita za mraba 40, mabati. Gata ipo upande mmoja. Muuzaji anasema mapipa yalikuwa na sabuni ya maji, tangi hajui.

Fundi Mzee
Gata ya upande mmoja maana yake unakinga 20, siyo 40. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, toa kidogo inayorukia nje na kukaukia batini. Kwa hiyo mvua ya milimita 12 inajaza pipa moja. Kulijaza tangi unahitaji kama milimita 60. Jiulize mvua za kwenu zinanyeshaje na zinapishana siku ngapi.
Halafu hiyo "hajui" ndiyo jibu lako. Plastiki hunywa kemikali na kuitoa polepole, kuosha hakusaidii. Sisogezi chombo cha namna hiyo karibu na mboga.

Koki Inavuja
Mimi nitasema la kitako cha pipa, maana nililipia ada. Nilipanga tofali kando ya ukuta, kimo cha nusu mita ili keni ipite chini ya koki, nikajiona fundi. Ardhi ilikuwa kavu, ngumu kama sakafu. Nilichosahau ni njia ya maji ya ziada. Mvua ya kwanza pipa likajaa, maji yakamwagika ukingoni na kudondokea palepale kwenye miguu ya tofali. Sikujali. Mvua ya pili tofali la mbele likaanza kuzama, pipa likainama taratibu kama mzee anayesinzia. Nikatoka mbio kwenda kulizuia! Kilo 200 zile, ndugu zangu. Miguu ilipoanza kuteleza nikaruka pembeni. Lilivunja koki, likalalia miche yote, na mfuniko nikaufuata kwa jirani.
Sasa hivi nimechimba, nimemwaga kokoto na kushindilia, juu nimelaza vibao vya zege, na pipa nimelifunga ukutani kwa mkanda. Bomba la kutolea maji ya ziada lina upana sawa na la kuingizia, na linayapeleka maji mbali na msingi wa nyumba.

Sina Haraka
Tangi lisingeanguka, ni pana.

Fundi Mzee
Tangi likijaa linapita tani moja. Likizama upande utalisimamisha na nini?

Sina Haraka
Lakini presha yake mzee, utaunga mpira wa maji moja kwa moja.

Fundi Mzee
Presha inatokana na kimo cha maji, siyo wingi wake. Kila mita ya kimo ni takriban baa 0.1 (baa ni kipimo cha presha), iwe lita 200 au 1000. Ukitaka presha, inua chombo.

Mchana Kweupe
Mbona hakuna aliyetaja mbu? Yai hadi mbu anayeruka inaweza kuwa siku saba hadi kumi tu, tena joto likizidi ni upesi zaidi. Wavu wenye matundu yasiyozidi milimita moja, kwenye mdomo wa pipa NA kwenye bomba la ziada. Watu husahau hilo la pili.

Msumari Mbili
Kijiko cha mafuta juu ya maji kinatosha. Au samaki wawili wadogo.

Mchana Kweupe
Samaki ndani ya pipa la giza lililofunikwa, unalolikausha kila wiki? Muoneeni huruma kiumbe.

Jani Bichi
Nawafuatilia. Swali dogo tu: bustani ikiwa juu kidogo ya uwanja wa nyumba kuna shida?

Koki Inavuja
😂😂 Hilo ulikuwa umelihifadhi?

Fundi Mzee
Juu kidogo kiasi gani?

Jani Bichi
Nikisimama uani, udongo wa bustani unanifika kifuani.

Fundi Mzee
Basi pipa la uani halitapeleka hata tone huko. Ubebe keni, au ununue pampu. Mimi ningeweka mapipa hukohuko bustanini. Gata iko juu, si ndiyo? Shusha bomba, lipitishe chini ya ardhi, lipande hadi mdomoni mwa pipa. Viungo vikiwa vimezibwa vizuri na mdomo wa pipa ukiwa chini ya gata, maji yatapanda yenyewe. Weka koki mahali pa chini kabisa pa bomba, uifungue kulikausha, maji yasilale humo.

Sina Haraka
Yaani maji yapande mlima? Hapo sikubali.

Koki Inavuja
Chukua mpira, jaza maji, inua ncha zote mbili uone.

Jani Bichi
Muuzaji kapiga simu, tangi limeshachukuliwa. Kesho napima kimo cha gata.

Sina Haraka
Aliyelichukua kapata mali.

Msumari Mbili
Mchana Kweupe, hao samaki ukiwatia kwenye pipa lisilo na mfuniko je?