Mjadala: Serikali ikikulipa, hela ipite njia gani? Na ya kutolea (makato ya kutoa hela kwenye simu) alipe nani?

Mgogo wa Chamwino (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu. Nina hoja moja, naomba tuijadili bila kutukanana.

Serikali ikitaka hela yetu, njia imeshachagua yenyewe. Tangu Julai 2017 mfumo wa malipo ya serikali ulipoanza hapa Tanzania, bila kontroo namba (namba ya kulipia) huendi popote: bili ya maji, leseni ya biashara, faini ya trafiki. Hilo mimi silipingi hata kidogo. Enzi za vitabu vya risiti mtu alikuwa analipa ushuru huku akijua nusu yake inaishia mfukoni mwa mwenye kitabu. Lakini angalieni kodi ya jengo. Agosti 2021 ilihamishiwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikawa 1,500. Mpangaji ananunua umeme, anakatwa kodi ya mwenye nyumba, kisha aanze kuidai kwenye pango. Nani aliulizwa?

Sasa tugeuke upande wa pili, serikali inapotoa. Kaya maskini zilizo kwenye ruzuku ya TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, zimekuwa zikilipwa kila baada ya miezi miwili, kwingine taslimu, kwingine kwa simu au benki. Naona upepo wote unavuma kuelekea simu, na kila mkutano tunaambiwa ni usasa. Hoja yangu: mpokeaji achague mwenyewe, taslimu, simu au benki. Na akichagua simu, serikali itume na ya kutolea. Kijana aliyeko mjini akimtumia mama yake Mvumi 50,000 bila ya kutolea, mama anapiga simu kuuliza. Serikali ikituma kavu, mama ampigie nani?

Mhasibu Mchovu

Mleta mada, unaongea hivyo kwa sababu hujawahi kusafiri na sanduku la hela. Mimi nimesafiri nalo. Gari, dizeli, askari wenye silaha, wahasibu, posho za wote hao, na masika kuna makorongo hayavukiki mpaka maji yapungue. Walengwa wamekaa chini ya mbuyu tangu asubuhi, nyie mnafika saa kumi jioni, hesabu zinamalizwa kwa tochi. Siku hiyo mtu akiponyoka na bahasha moja, anayelipa ni mimi kwenye mshahara wangu.

Halafu tusisahau kaya hewa. Zilizaliwa kwenye taslimu. Jina linasomwa, mtu ananyoosha mkono, dole gumba kwenye wino, imekwisha. Ikipita kwenye simu, walau kuna laini iliyosajiliwa kwa alama za vidole.

Na hiyo hiari yako mzee, ina maana kijiji kimoja njia tatu. Gari liende Mlowa hata kama waliochagua taslimu ni wanne?

Mama Wawili, Mpunguzi

Mnisikilize na mimi ambaye nimemsindikiza mama mkwe kupokea kwa njia zote mbili. Kijiji sikitaji.

Siku za taslimu meza ilikuwa inatolewa darasani, wahasibu wanakaa na orodha. Pembeni, hatua chache tu, kuna benchi la viongozi wa kijiji na daftari lao. Mama anahesabiwa hela yake vizuri, anasaini, akigeuka anaitwa kwa jina: mchango wa vyoo vya shule bado, mchango wa zahanati bado. Nani atakataa mbele ya kijiji kizima? Anafika nyumbani na kilichobaki kimekunjwa kwenye pindo la kanga. Na ikishajulikana kijijini kuwa leo ni siku ya malipo, hela hiyo ina ndugu wengi.

Ikaja simu, nikashangilia. Kumbe laini anayotumia mama imesajiliwa kwa jina la shemeji yangu. Vidole vya mama vimelimika, mashine ya kusajili ilivikataa mara kwa mara mpaka tukachoka. Shemeji naye ana ile mikopo ya simu, ambayo salio likiingia tu mtandao unajilipa kwanza. Hela ya mama imeingia saa tano, saa tano hiyo hiyo imekatwa deni la mtu mwingine. Kwa hiyo lile benchi la michango lilihamia ndani ya simu, tofauti ni kwamba huku hakuna hata mtu wa kumtazama usoni.

Mhasibu, kaka yangu, hizo alama za vidole unazozisifia ni vidole vya nani?

Machinga Huru

Mimi simu tu, sina mjadala. Tuko kikundi, tuliomba ule mkopo wa halmashauri unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake, ile ya wanawake 4, vijana 4, wenye ulemavu 2. Ungekuja taslimu, mwenyekiti wetu sasa hivi angekuwa Singida na namba yake haipatikani.

Wakala wa Haneti

Nawasoma tu toka asubuhi. Wote mnasema simu, simu, hakuna aliyeuliza hela ya noti inatoka wapi.

Simu haitoi noti. Natoa mimi. Mteja akitoa, floti, yaani salio la wakala, inaongezeka kwenye laini yangu na noti zinapungua kwenye droo. Siku ya kawaida nabaki sawa, kwa sababu huyu anaweka, yule anatoa. Siku ya malipo wote wanatoa, hakuna anayeweka. Kufika saa nne droo ni tupu na foleni inaanza barazani. Hapo nifunge, nipande gari kwenda mjini kubadilisha floti iwe taslimu, nirudi jioni na hela kwenye begi la mgongoni. Mhasibu alikuwa na askari wenye silaha. Mimi nina begi.

Jingine mlijue. Nikiona noti haziwatoshi wote, nawagawia: leo toa elfu kumi, kesho njoo umalizie. Makato ya kutoa yanakwenda kwa madaraja, na anayetoa kidogo kidogo anakatwa zaidi kuliko aliyetoa zote mara moja. Bibi anaona nimemwibia. Sijamwibia, lakini hela yake imepungua kweli.

Mwalimu Mstaafu

Vijana, mnalo jambo hapa, lakini mnalizunguka. Tatizo si njia. Ni kwamba njia ikishakuwa moja tu, anayeishika anaweza kuweka kizuizi wakati wowote.

Mmesahau Julai 2021? Ilikuja tozo ya miamala ya simu, hadi shilingi 10,000 kwa muamala mmoja mkubwa, juu ya makato ya mitandao yenyewe. Kelele zikapigwa nchi nzima, Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30, ikaendelea kurekebishwa baadaye. Wakati ule tulijua la kufanya. Mimi nilirudi kumkabidhi kondakta bahasha, na wengi walifanya hivyo hivyo. Tuliweza kwa sababu noti ilikuwepo. Mlengwa anayelipwa kwa simu peke yake, siku bajeti ikisomwa na kitu kama kile kikarudi, atakimbilia wapi?

Na wanaosema basi walipwe benki, waangalie utafiti wa FinScope wa 2023: kati ya watu wazima 100, 76 wanatumia huduma rasmi za fedha, ila wanaotumia benki ni 22 tu. Sisi watumishi tumezoea benki kwa sababu mshahara ulitulazimisha, na tuko karibu na tawi. Mtu wa Chiboli kwenda kutoa kwenye tawi, nauli inakula nusu ya hela yenyewe, bado hajala.

Mgogo wa Chamwino (mleta mada)

Shikamoo mwalimu. Umesema vizuri kuliko nilivyoanza mimi.

Mhasibu, dizeli na posho ulizotaja ni gharama za kweli, sibishi. Lakini malipo yakihamia kwenye simu hazijafutika, zimegawanywa. Sehemu amepewa wakala na begi lake, sehemu amepewa bibi kwa jina la makato. Serikali ikishaacha kujaza mafuta gari la malipo, kiasi hicho kinatosha kabisa kulipa ya kutolea. Ndiyo maana nasema iwe ndani ya ruzuku, ionekane kwenye meseji: ruzuku kiasi fulani, ya kutolea kiasi fulani. Siku hesabu ikipungua, kila mtu aone imepungua wapi.

Kuhusu wanne wa Mlowa: wasipelekewe gari. Walipwe taslimu kwenye makao ya kata, kwa tarehe inayojulikana, wakijua walichokichagua. Mtu ataulizwa njia anayoitaka siku ya uhakiki wa walengwa, hapo hapo, na pia ataulizwa laini ni ya nani. Laini ikiwa ya shemeji, simu isiandikwe kabisa.

Mhasibu Mchovu

Ya kutolea nakubali. Hilo la laini ya mtu mwingine nalo Mama Wawili amenifunga mdomo. Taslimu bado nakataa. Ukiacha mlango huo wazi, baada ya mwaka nusu ya kijiji watarudi huko, na anayeshinikizwa kurudi ni yule yule anayeitwa kwenye benchi la michango, kwa sababu viongozi ndio wanaoipenda taslimu kuliko walengwa.

Mama Wawili, Mpunguzi

Basi benchi liondolewe, si taslimu. Kwani malipo yakifanyika, lazima viongozi wakae hapo?

Wakala wa Haneti

Mkiendelea kubishana, mwenye kuijua tarehe ya malipo yajayo anitumie ujumbe mapema. Droo ina laki mbili.