Kufuatilia historia ya boti ya huduma ya Jeshi la Majini la Uingereza

Mtunza_Boti
Salaam, wanajukwaa. Ninatunza boti ya mbao yenye urefu wa futi 61 na nusu. Aliyeniuzia alisema iliundwa wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia kwa ajili ya Jeshi la Majini la Uingereza, ikiwa miongoni mwa zile zilizoitwa MFV (Motor Fishing Vessel, yaani mashua ya uvuvi yenye injini), na kwamba mwaka 1944 ilikuwapo kwenye uvamizi wa Normandy, pwani ya Ufaransa. Nimelitafuta jina lililoandikwa kwenye tezi, yaani nyuma ya boti, katika orodha za jeshi, nikaambulia patupu. Naomba mnielekeze pa kuanzia, na mniambie kama hayo ya Normandy yanaweza kuthibitishwa.

Nahodha_Mstaafu
Ndugu, urefu huo ni dalili njema. MFV ziliundwa kwa vipimo vinne, yaani futi 45, 61 na nusu, 75 na 90, kwa michoro iliyofuata mashua za uvuvi, ili vita vikiisha wavuvi waweze kuzinunua na kuzitumia. Jeshini zilibeba mabaharia, vyakula na vifaa kati ya gati na meli zilizotia nanga. Zilitambulishwa kwa namba: za kipimo chako zilianzia 1, za futi 45 zilianzia 601, za futi 75 zilianzia 1001, na za futi 90 zilianzia 1501. Kwa hiyo jina lililo kwenye tezi yumkini ni la kiraia, ambalo boti ilipewa baada ya kuuzwa, na huwezi kulikuta katika kumbukumbu za vita.

Anzia boti ilipo leo, kisha urudi nyuma mmiliki baada ya mmiliki. Sheria ya meli za biashara ya Uingereza ya mwaka 1894 iliagiza namba rasmi ya chombo na tani zake zichongwe kwenye boriti kuu, ile ambayo mafundi wa majahazi wangeiita darumeti. Jina hubadilishwa kila boti inapouzwa, lakini namba hiyo haibadiliki. Ukiipata, na kama usajili wake ulikwisha kufungwa, tafuta nakala katika hifadhi ya taifa ya Uingereza iliyoko Kew, London, fungu la nyaraka BT 110, ambako utasoma mwaka na mahali ilikoundwa, pamoja na wamiliki wake.

Fundi_Mbao
Naongeza tahadhari. Usiitegemee namba ya injini, hata ukikuta injini ya zamani ya Kelvin humo ndani, kwa sababu injini hubadilishwa mara nyingi kuliko mbao. Usipoteze muda na daftari kuu la meli la shirika la Lloyd's pia, maana kwa kawaida lilianzia vyombo vya tani 100. Lakini kama boti yako iligeuzwa kuwa ya starehe, lipo daftari la Lloyd's la boti za starehe, lililochapishwa hadi mwaka 1980. Kwangu mimi, herufi za bandari ya uvuvi zilizofunikwa na rangi kwenye omo, yaani mbele ya boti, zina thamani zaidi: PD ni Peterhead, BF ni Banff, LT ni Lowestoft.

Msomaji_wa_Kumbukumbu
Kuhusu Normandy, nakushauri usiyakubali wala kuyakataa mapema, kwani karibu kila boti ya mbao ya enzi hizo inasimuliwa kuwa ilikuwako. Batli, yaani daftari za safari, za vyombo vidogo hazikuhifadhiwa kwa wingi, kwa hiyo ushahidi wako utatoka kwenye orodha za jeshi zilizoonyesha chombo kipo wapi, zilizoko Kew vilevile: fungu ADM 208 kwa vyombo vidogo vilivyokuwa katika maji ya Uingereza, na ADM 187 kwa meli za kivita kwa jumla. Zote mbili zinahitaji namba ya MFV, ndiyo maana hatua ya Nahodha inatangulia. Kumbuka vilevile kwamba mabaharia wa boti hizi mara nyingi waliandikwa kwenye vitabu vya kambi ya nchi kavu, ambayo nayo iliitwa HMS (kifupi cha Kiingereza kinachotangulia majina ya meli za jeshi hilo) kana kwamba ni meli. Rekodi ya baharia inaweza kutaja kambi tu, bila kuitaja boti hata mara moja.

Mtunza_Boti
Nawashukuru. Nimekwangua rangi kwenye boriti ya mbele ya shimo la shehena, na tarakimu sita zimejitokeza, ila mbili za mwisho zimelika. Naogopa kuendelea kukwangua.

Fundi_Mbao
Acha kukwangua kabisa. Bandika karatasi nyembamba juu yake, upake mkaa kwa ubavu, taratibu; kisha urudie usiku kwa tochi uliyoilaza karibu na mbao, kwani kivuli huonyesha mkato ambao jicho halioni mchana.