Tupeane uzoefu: picha za nafaka na watoto likizo hii

Mama Wawili, Nyegezi
Habari za jioni wapendwa. Likizo hii mimi na wanangu, wa miaka 6 na 9, tumezama kwenye mozaiki, yaani kubandika punje mojamoja juu ya boksi gumu mpaka picha itokee. Tulianza na Jiwe la Bismarck, lile jiwe la ziwani hapa Mwanza, maana wanaliona kila tukienda kupanda kivuko cha Kamanga. Jiwe tukalijaza njugu mawe (mkubwa aliuliza, "Si zenyewe zinaitwa mawe?"), nyufa tukatia majani ya chai. Ziwa ni mchele wa rangi: kikombe kimoja, kijiko cha chai cha siki, matone ya rangi ya chakula ya bluu, tunatikisa ndani ya kopo kisha tunaanika kwenye sinia. Siki inafanya rangi ishike vizuri.

Picha imependeza. Lakini mama mkwe alipofika kutoka Magu aliitazama, akanyamaza, baadaye akaniita jikoni: "Mwanangu, chakula si cha kuchezea." Amelima mpunga maisha yake yote, neno lake limenikaa moyoni. Wenzangu mnafanyaje?

Muuza Nafaka, Igoma
Dada, mama ana haki, na watoto pia wana haki yao. Mimi nikipepeta jioni sokoni hubaki maharage yaliyotobolewa na fukusi, chenga, mahindi yaliyovunjika. Zote zilikuwa za kuku. Siku hizi binti yangu anachagua zake kwanza, kuku wanafuata. Ila zianikwe jua kali siku kadhaa kabla ya kubandikwa. Picha yetu ya kwanza hatukufanya hivyo, fukusi wakaimaliza ndani ya mwezi.

Jambo lingine: nendeni mkaone kabla ya kubandika. Binti alikuwa anatengeneza mjusi wa mawe kwa choroko, kijani kitupu, kwa sababu kwenye vitabu mjusi ni wa kijani. Nikampeleka kisiwa cha Saanane, mwendo mfupi wa boti tu, ni hifadhi ya taifa tangu 2013. Akakaa mbele ya dume mmoja juu ya jiwe: kichwa cha waridi, mwili wa bluu! Alirudi akabandua choroko zote bila kuambiwa na mtu.

Baba Mapacha, Kirumba
Sisi tuko karibu na soko la samaki la Mwaloni, kwa hiyo tunatumia magamba ya sangara na sato. Hayo hakuna bibi atakayeyalilia. Yaoshe kwa sabuni, yaloweke kwenye maji ya ndimu usiku mzima, yaanike. Harufu inaisha. Mkitengeneza samaki anzeni mkiani kuelekea kichwani, kila mstari ulalie kidogo ule wa nyuma yake. Pacha wangu mmoja aligundua hilo mwenyewe baada ya kumpapasa sato mzima sokoni.

Mwalimu wa Awali, Ilemela
Naomba niseme hili kwa mkazo. Mtoto wangu mwenyewe aliwahi kusukuma choroko puani, ikavimba kwa unyevu, tukaishia hospitali. Wa chini ya miaka 3 msiwape punje kabisa, wapeni majani makavu wabandike. Na maharage mekundu mabichi yana sumu, wasiyatafune.

Dada wa Buswelu
Gundi ya uji wa ngano ni rahisi, lakini panya wangu waliipenda kuliko mimi nilivyoipenda picha. Nimehamia gundi nyeupe ya dukani. Masika pia kuweni makini: choroko zetu zilichipua ukutani. Watoto walifurahi mno, wakazimwagilia.

Mama Wawili, Nyegezi
Asanteni sana. Nilimsomea mama mkwe maneno ya Muuza Nafaka. Jana amekuja na kifurushi cha chenga na mapepe aliyopepeta mwenyewe, akaketi mkekani na wajukuu. Wanatengeneza shamba la mpunga. Amewabandulisha mstari mzima kwa sababu masuke yalisimama wima. Mpunga ulioiva huinama, amesema, na akawaonyesha kwa mkono wake unavyoinama. Kona ya chini wanataka maua ya magugu maji, ile zambarau yake hasa. Mwenye kujua punje au rangi ya kuipata?